Wekeni chaja kwenye geti la kiwanda: Barua ya wazi kwa wakurugenzi wa viwanda vya chai vya wakulima wadogo, Kericho na Bomet

Waheshimiwa wakurugenzi,



Nawaandikia nikiwa mkulima wa majani chai hapa Bureti, mwenye hisa katika mojawapo ya viwanda mnavyovisimamia, na dereva wa gari linalotumia umeme. Ombi langu ni moja na nalitaja mapema: viwanda vyetu vianze kuweka chaja za magari na pikipiki za umeme kando ya geti, zitumiwe na kila apitaye, kwa malipo. Vianze vya Litein na Kapkatet, vifuate vya Mogogosiek na Kapset kule Konoin, kisha vya Kapkoros na Tirgaga upande wa Bomet. Siombi hisani kwa ajili ya wachache wenye magari haya. Naleta pendekezo la biashara kwa kampuni ninayoimiliki pamoja na majirani zangu, tena biashara ambayo tukiichelewesha wengine wataifanya mbele ya mashamba yetu nasi tubaki kutazama.

Mtauliza kwa nini sikuiandikia serikali. Serikali, kusema kweli, imekwisha kuandika mengi. Mwaka 2019 ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme ulipunguzwa kutoka asilimia 20 hadi 10. Aprili 2023 EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati, ilianzisha bei maalumu ya umeme wa kuchajia magari: Sh16 kwa uniti, yaani kilowati-saa moja, na Sh8 nyakati za usiku ambapo matumizi ni madogo, kabla ya ada na kodi nyingine, kwa mteja asiyezidi uniti 15,000 kwa mwezi. Mwaka huo huo ikatoa mwongozo wa vituo vya kuchajia na kubadilishia betri. Mwaka 2024 Wizara ya Uchukuzi ikatoa rasimu ya sera ya usafiri wa umeme. Karatasi zipo. Kinachokosekana ni mahali pa kuchomeka waya mtu anapofika Litein saa mbili usiku, mvua inanyesha, na watoto wamelala kiti cha nyuma. Mahali hapo hapawezi kujengwa kwa waraka wa Nairobi, ila nyinyi mnapo tayari.

Niruhusuni nieleze safari yenyewe, maana wengi kati yenu mnaijua barabara hii kwa gari la mafuta tu, na barabara ile ile hubadilika ukiendesha kwa betri.

Njia za kutoka Nairobi kuja kwetu ni mbili. Ya kwanza hupitia Naivasha, Gilgil na Nakuru, hupanda hadi Mau Summit, kisha huteremka kwa Londiani na kuingia Kericho. Ni kilomita 260 hivi. Ya pili huteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Maai Mahiu, huvuka Suswa na Narok, hupita Mulot na Longisa na kufika Bomet, kilomita 230 hivi, na kutoka hapo ni Kaplong, Kapkatet, Litein, Chemosit, Kericho. Dereva wa petroli huuliza kama kuna msongamano Gilgil na kama daraja fulani linapitika. Mimi huuliza mlima uko wapi, una urefu gani, na baada yake kuna mteremko au hakuna.

Gari dogo kama Nissan Leaf yenye betri ya uniti 40 hutumia uniti 15 hadi 17 kwa kilomita 100 za barabara tambarare, likienda mwendo wa wastani. Ukigawanya mezani utasema linafika Kericho, au karibu yake, bila kusimama. Hesabu ya mezani haina Mau ndani yake. Kuinua gari linalokaribia tani mbili, pamoja na watu na mizigo yao, mita 1,000 kwenda juu hula uniti 5 na zaidi kidogo, ambazo kwenye tambarare zingelipeleka kilomita 30 nyingine. Ongeza upepo wa mbele ukipita Elementaita. Ongeza hita, kwa sababu Mau Summit jioni ni baridi kali na kioo kinashika ukungu. Ongeza magunia ya viazi ambayo hakuna Mkalenjin atakayeyapita Molo bila kununua angalau moja. Kilomita 240 zilizoandikwa kwenye karatasi za gari zinakuwa 200 au pungufu, na Kericho iko mbali kuliko hapo.

Lakini milima hii hurudisha sehemu ya inachochukua. Gari la umeme likiteremka, mota yake hugeuka jenereta: magurudumu huizungusha, umeme hurudi kwenye betri, na kule kuzuia kwa mota ndiko kunakolipunguzia gari kasi. Kwenye mteremko wa Maai Mahiu, pale ambapo malori hunuka breki zilizoungua, mguu wangu haugusi breki ila mara chache. Nikifika kwenye kanisa dogo walilolijenga wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, asilimia ya betri imepanda kuliko ilivyokuwa juu ya ukingo. Abiria wangu wa mara ya kwanza hawaamini mpaka waone namba. Kericho kwenda Kisumu ni vivyo hivyo: unaanza mita 2,000 hivi, unapita Kapsoit na Awasi, unaishia ziwani kwenye mita 1,100 na kitu. Kwenda ni raha tupu. Kurudi ndiko kunakohitaji mipango, na ndiko kunakomfanya mtu wa Kisumu mwenye gari la umeme afikirie mara mbili kuja kuzika, kuoa au kununua ng'ombe wa maziwa huku juu.

Nakuru mtu anaweza kupanga kupata chaji. Shida yangu huanza baada ya Nakuru, na kwa njia ya pili baada ya Narok. Kutoka hapo hadi Kisumu au Kisii kuna nchi nzima ya milima, vituo vya biashara kila kilomita chache, hospitali kubwa, vyuo, na maelfu ya watu wanaorudi nyumbani kila Desemba. Ndani ya nchi hiyo mimi, kwenye barabara ya Kaplong hadi Kericho ninayoipita mara kwa mara, sijaona chaja hata moja ya umma ninayoweza kuitegemea.

Kwa hiyo tunachaji nyumbani, na nyumbani kwetu hakukujengwa kwa kazi hiyo. Soketi ya kawaida ya ukutani hutoa kilowati 2 na nusu hivi. Gari lililofika na asilimia 15 litakaa hapo usiku kucha na sehemu ya asubuhi. Nyaya za nyumba nyingi zilivutwa kwa ajili ya balbu nne, redio na simu. Ukizilazimisha kubeba mzigo mmoja mkubwa kwa saa kumi na mbili mfululizo, soketi hupata joto, plastiki hulainika, na fundi akija anakuta waya umebadilika rangi. Hatari zaidi ni zile nyaya za kuunganishia zilizozungushwa kwenye kigurudumu chake: ukiziacha zimejiviringisha zikibeba umeme mwingi, zinachemka ndani kwa ndani. Nyumba nyingi hazina hata waya wa uhakika wa kupeleka umeme ardhini, na gari lenye akili litakataa kuchaji likigundua hilo. Hapo hakuna la kufanya. Unaomba kwa jirani.

Nimewahi kuomba soketi kwenye hoteli moja kando ya barabara, pesa zikiwa mkononi, nikakataliwa. Mwenye hoteli aliogopa bili, na sikumlaumu. Hakuwa na namna ya kupima nilichochukua, wala hakujua anidai kiasi gani. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba tatizo letu si uhaba wa umeme. Watu wanao umeme. Wanakosa mita, bei iliyoandikwa ukutani, na mtu wa kuaminika wa kuusimamia.

Sasa tazameni kiwanda cha chai. Kina transfoma yake na umeme wa fezi tatu, kwa sababu mafeni ya kunyausha majani na mashine za kusaga haziendeshwi kwa umeme wa nyumbani. Matumizi yake ni ya mamia ya kilowati, kwa hiyo chaja mbili za kilowati 22 ni mzigo ambao mhandisi wa kiwanda anaweza kuupanga bila kuhangaika. Kuna jenereta stima ikipotea, na huku kwetu, kwa radi na miti inayoangukia nyaya, hupotea. Kuna askari getini usiku na mchana. Kuna karani anayejua kupima, kuandika na kutoa risiti. Kazi ya kupima majani ya mkulima mpaka gramu ya mwisho ameifanya miaka yote. Kuna taa, kuna paa, kuna choo, kuna kantini yenye chai. Zaidi ya yote, kila barabara ya eneo letu huelekea kiwandani. Malori ya majani yamezichonga hivyo tangu KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, ianze kazi mwaka 1964, na mtu anayeijua nchi ya chai hupewa maelekezo kwa kiwanda: "ukifika faktori, pinda kushoto." Hakuna kituo cha petroli chenye sifa hizi zote.

Wala kuzalisha na kusimamia umeme si jambo geni kwenye milima hii. Mashamba makubwa ya Kericho yana mitambo yao midogo ya maji tangu enzi ya ukoloni. Hospitali ya Tenwek, hapo Bomet, ilijenga mtambo wake kwenye mto Nyangores miaka ya 1980, na maporomoko yale yamewasha taa za vyumba vya upasuaji wakati wilaya nzima iko gizani. Wenzenu wa Nyeri wana mtambo wa mto Gura unaolisha viwanda vyao vya chai na kuiuzia Kenya Power ziada. Na maji ya mito yetu, Kipsonoi, Chemosit, Kiptiget, yakishakusanyika kuwa Sondu Miriu, huzungusha mitambo ya megawati 60 pale chini, halafu yanazungusha mingine ya megawati 21 pale Sang'oro kabla ya kufika ziwani. Mvua inayonyesha kwenye majani yetu inageuka stima ya taifa. Naona ni haki kabisa nchi inayotoa maji hayo iwe na mahali pa kuchaji pikipiki.

Kuna pia jambo la saa. Karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, na mvuke wa Olkaria haulali. Usiku wa manane, watu wakiwa wamezima taa, mvuke mwingine huachwa upotee hewani kwa kukosa mtumiaji. Jioni ni kinyume: kati ya saa moja na saa nne gridi hulemewa, hasa huku magharibi. Ndiyo maana bei ya usiku ikawekwa nusu. Gari linalolala getini kwa kiwanda kuanzia saa nne hadi alfajiri linakula umeme ambao ungepotea, kwa bei ya chini kabisa, bila kumnyang'anya mtu taa ya kupikia.

Na fedha? Tuseme kiwanda kiniuzie uniti moja kwa Sh40, baada ya ada, kodi na faida yake. Kilomita 100 zitanigharimu Sh640 hivi. Gari la petroli la ukubwa huo likila lita 7 kwa mwendo huo, kwa bei ambayo miaka hii haijashuka chini ya Sh170 kwa lita, linameza karibu Sh1,200. Nitalipa Sh40 kwa furaha, na kampuni yangu itabaki na kitu.

Historia ya mahali hapa nayo inanisukuma kuandika. Reli ilipofika ziwani mwaka 1901, haikupita Kericho. Ilipita Lumbwa, ambako leo tunakuita Kipkelion, na kwa miaka mingi kila kitu cha Kericho kililazimika kusafiri mpaka huko kwanza. Novemba 2025 ilizinduliwa kazi ya kupanua barabara kuu kutoka Rironi hadi Mau Summit. Itakuwa barabara ya kulipia, na sina shaka kwamba vituo vya kupumzikia vitajengwa kandokando yake, na vitakuwa na chaja, kwa sababu mwekezaji wa barabara ya miaka thelathini ijayo hawezi kuacha kuziweka. Mkataba wa barabara hiyo unaishia Mau Summit. Kutoka hapo kuja kwetu tutakuwa tena watu walioachwa kando na reli, tukiangalia taa za wengine, ikiwa hatutajiwekea zetu.

Mahali pa kusimama pana uzito mwingine ambao familia nyingi za hapa zinaujua vibaya. Juni 30, 2023, pale Londiani Junction, lori liliacha njia likawavamia wachuuzi, abiria na magari yaliyosimama, watu zaidi ya 50 wakafa. Watu walikuwa wamesimama pale kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuuzia na kungojea. Gari la umeme linasimama kwa muda mrefu kuliko la petroli. Dakika 40 kwenye chaja ya kasi, saa mbili au tatu kwenye ya kawaida. Sitaki kuona chaja ya kwanza ya nchi yetu ikiwekwa kwenye ukingo wa lami, mahindi ya kuchoma upande huu na malori upande ule. Uwanja wa kiwanda uko ndani, umezungushiwa ua, na mama mboga anaweza kupewa kibanda humo humo.

Najua mtakayonijibu, maana nimekwisha kuyasikia kwenye mikutano.

La kwanza ni kwamba haya ni magari ya matajiri wa Nairobi. Jibu langu liko kwenye bodaboda. Magari mengi ya umeme nchini ni pikipiki, na mtu wa bodaboda wa Mogogosiek hubeba maziwa alfajiri, magunia ya majani mchana, mgonjwa usiku. Mafuta ndiyo yanayomla. Mwaka 2024 pikipiki ya umeme ya kampuni ya Roam, iliyoundwa hapa Kenya, ilitoka Nairobi ikafika Stellenbosch, Afrika Kusini, kilomita zipatazo 6,000 kupitia Tanzania, Zambia na Botswana, ikichajiwa kwa paneli za jua zilizobebwa na gari la kuisindikiza. Pikipiki iliyofika huko haishindwi na kilima cha Konoin, ila kijana wa Konoin hana gari la kumsindikiza na paneli. Mtu huyo ndiye wa kuwekewa soketi sita za betri kwenye ukuta wa kituo cha kununulia majani, hata kabla yangu mimi wa gari.

La pili ni hofu ya mashine, nami hili nalichukua kwa uzito. Mei 2023 mashine za kuchuma majani ziliteketezwa hapa Kericho na waandamanaji waliolalamikia kupotea kwa kazi, na hasira ile haikutoka hewani. Mtu akisikia teknolojia mpya inaingia kiwandani ana haki ya kuuliza nani atafukuzwa. Chaja haimfukuzi mchumaji wala karani. Baada ya muda, itapunguza kazi za fundi wa injini na za kijana wa pampu ya petroli. Nisipolisema hilo nitakuwa mwongo. Ndiyo sababu napendekeza viwanda vishirikiane na Chuo Kikuu cha Kabianga na vyuo vya ufundi vya kaunti zetu mbili ili mafundi wa hapa wajifunze betri, mota na nyaya za umeme mkubwa mapema, kabla magari hayajawa mengi. Fundi wa Litein akiweza kufungua betri, kupima kila seli na kubadilisha iliyokufa, watu watatoka Kisii na Narok kumfuata.

La tatu ni la barabara: kwamba sisi wa umeme hatulipi ule ushuru wa Sh25 kwa kila lita ya kutengenezea barabara. Ni kweli, na si haki iendelee hivyo magari haya yakiwa mengi. Wekeni mita, na siku serikali itakapotaka kutoza kiasi fulani kwa kila uniti kwa ajili ya barabara, kuna mahali pa kukitoza. Mimi nitalipa. Barabara ya majani isiyopitika wakati wa mvua inanigharimu mimi mkulima kuliko ushuru wowote.

La nne, na hili ndilo zito, ni kwamba bonasi ya chai ya 2025 iliacha uchungu upande wetu wa Bonde la Ufa, tukijilinganisha na wenzetu wa mashariki, na mkulima hataki kusikia mkurugenzi akitumia shilingi yake kwa kitu kisichochuma majani. Nami ni mkulima huyo huyo. Nilipokea bonasi hiyo hiyo. Kwa hiyo sitaki kiwanda chochote kinunue chaja za kasi za mamilioni ya shilingi. Anzeni na soketi mbili za kawaida za fezi tatu, za aina inayoitwa Type 2, ukutani, chini ya paa, kila moja na mita yake. Msiweke kebo. Dereva aje na kebo yake, kama ilivyo kwenye vituo vingi vya Ulaya; hivyo hakuna shaba ya kuibwa usiku. Tena mnakwepa ugomvi wa plagi, ambao ni mkubwa: magari yaliyotumika Japani huja na CHAdeMO, ya Ulaya na CCS2, ya China mengine na GB/T, na chaja ya kasi inayowafaa wote ni ghali. Soketi ya ukutani haiulizi gari limetoka nchi gani, mradi mwenye gari ana kebo inayolingana nalo. Leaf yangu itachukua kilowati 6 na nusu hapo, yaani uniti 20 kwa saa tatu. Saa tatu zinanitosha kumwona mama, kunywa maziwa ya mursik, kukagua mitaro ya shamba na kurudi.

Baadaye, mkiona vinalipa, fikirieni malori yenu wenyewe. Lori la majani huenda vituoni na kurudi kiwandani, njia fupi, ile ile kila siku, na usiku linalala uani. Sijui kazi inayolifaa gari la umeme kuliko hiyo. Gharama ya kubeba majani hukatwa kwenye malipo yetu, kwa hiyo kila lita ya dizeli isiyonunuliwa ni yetu. Lakini hilo ni la kesho, na lori lenyewe lipimwe kwanza kwenye matope ya Aprili kabla mtu hajatia sahihi.

Sikuyaandikia mashamba makubwa yaliyokuwa ya Brooke Bond na James Finlay, ambayo miaka hii michache yameuzwa kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Yana umeme wake na yana fedha. Lakini kule siwezi kusimama kwenye mkutano mkuu nikauliza swali. Kwenu naweza, na nitasimama.

Naomba mambo haya yaingie kwenye ajenda ya mkutano mkuu wa mwaka ujao wa kila kampuni ya kiwanda niliyoitaja. Kabla ya hapo, kila meneja wa kiwanda awaletee usomaji wa matumizi ya transfoma yake, saa kwa saa, kwa mwezi wa majani mengi na mwezi wa majani machache, ili tujue nafasi iliyobaki. Aombe kwa Kenya Power bei ya kuunganishiwa mita ya pili iliyo kwenye bei ya magari ya umeme, na kwa EPRA maelezo ya kibali. Achague ukuta ulio karibu na geti, ambao askari anauona. Gharama zote zisomwe mbele ya wenye hisa kwa Kikalenjin na Kiswahili, ziulizwe maswali, zipigiwe kura.

Mhandisi yeyote wa kiwanda anayetaka kupima mzigo wa gari kwa macho yake anialike. Nitalileta likiwa karibu tupu, tulichomeke kwenye fezi moja ya karakana usiku wa manane mashine zikiendelea kusaga, na mita isomwe kila nusu saa mpaka alfajiri. Uniti nitakazotumia nitazilipia kwa karani siku hiyo hiyo, nipewe risiti.

Wenu kwa heshima,

Mkulima na mwenye hisa,
Bureti, Kericho